Makosa Yaliyofuata Waya

Wadau, mtandao wa kliniki moja hapa Majengo ulikuwa unapona na kuugua wenyewe, bila mtu kuugusa. Niulizeni mimi, nilikuwa nimepiga magoti mbele yake.

Naitwa Lennox, mtu wa Embu, fundi wa mitandao mjini Meru. Mchana huo Purity, dada wa eksirei, alinipigia akikaribia kulia.

"Lennox, kuja mbio. Picha ya kifua imekataa kwenda!"

Ilikuwa ya Kaha, mke wa Mzee Kullow mwenye bucha inayopakana na kliniki. Pumzi ilikuwa inamkatika. Daktari wa kusoma picha alikuwa Nairobi, na kabla hajaiona, hakuna aliyethubutu kumtibu.

"Si utume kwa simu?"

"Nimetuma. Anasema haoni kitu, anataka picha yenyewe kutoka kwa mashine. Na hii mashine haikubali flashi."

Nikafungua laptopu. Kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta huhesabu makosa ya kila tundu, yaani data inayoharibika njiani. Matundu mengine yote yalikuwa safi. Hesabu ya tundu la eksirei ilikuwa inapanda kama mita ya petroli.

Nikakata kichwa cha waya, nikafunga kipya. Makosa yakatulia. Nikatabasamu kifala.

"Tuma sasa!"

Picha ikafika nusu, ikakwama. Nikahamisha waya tundu lingine. Makosa yakahama nao.

Nyuma ya pazia nilimsikia Kaha akiitafuta hewa. Jamani, sijawahi kujiona bure namna ile. Namba zote ziko mbele yangu na siwezi kitu.

Ndipo nikasikia ukutani: ngwaaa! Namba zikaruka. Kimya, zikatulia. Ngwaaa! Zikaruka tena.

Mashine ya bucha ya kukata mifupa.

Waliofunga mtandao walikosa pa kupitishia waya, na Mzee Kullow, kwa ujirani mwema, akawaambia wapitishie kwake. Wakaufunga pamoja na waya wa stima wa mashine yake, na kila ikinguruma stima hiyo inavuruga data yetu.

Nikatoka mbio. Bucha haikuwa na mteja hata mmoja. Mzee alikuwa peke yake, macho mekundu, anakata mifupa ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Mzee, zima hiyo kitu!"

Akazima, akashangaa. "Wamenitoa huko ndani, ati ningoje nje. Kijana, nikikaa bure nitapiga nduru. Wacha nifanye kazi."

Nikarudi ndani.

Picha ilienda mara moja. Daktari akapiga simu papo hapo: hewa imebana pafu, itoeni sasa hivi. Daktari wa kliniki akaingia na sindano.

Akatoka nayo vilevile, hajaitumia.

Baada ya mazishi Mzee Kullow alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hiyo mtandao ilikuwa na shida gani?"

"Ni mvua, mzee. Waya uliingia maji."

"Basi ni Mungu amepanga," akasema. Nilishindwa kumwangalia.

Mnaosoma, ukiambiwa ungoje nje, ngoja. Kaa chini ulie, hakuna atakayekucheka. Na wewe fundi mwenzangu, kabla hujakata waya, kaulize upande wa pili wa ukuta kuna nini.

Mimi naishi nikiogopa siku mzee atakayokumbuka kuniuliza mbona nilimwambia azime.