Mfuniko wa Balozi Wanzagi

Keraryo aliujua ugonjwa wa lile gari tangu Pasaka, akanyamaza nao kama mtu aliyeficha nyama.

Alikuwa fundi wa magari pale Nyasura, Bunda, mtu mfupi mwenye kucha ambazo hazikutakata hata siku ya harusi yake. Zamani alikuwa na sanduku lake la spana, la bati, limetimia kila namba. Kisha ukaja mwaka wa themanini na tatu na msako wa wahujumu uchumi. Asubuhi moja balozi wao wa nyumba kumi, Wanzagi, aliwaongoza mgambo moja kwa moja hadi uvunguni mwa kitanda cha Keraryo, zilimofichwa plagi kumi na mbili kutoka ng'ambo ya mpaka. Nani mwingine alizijua? Wiki moja tu nyuma, Keraryo alikuwa amemfungia Wanzagi plagi ya pikipiki kutoka boksi lile lile.

Alikaa mahabusu miezi minane, akaachiwa bila kesi. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Sanduku alilikuta kwa Wanzagi, aliyedai amekabidhiwa alitunze. "Uje na barua," balozi alimwambia. Barua ya nani, hakusema. Tangu siku hiyo Keraryo alifanya kazi kwa spana za kuazima, na hasira isiyo ya kuazima.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, Wanzagi alinunua pikapu kuukuu, akawa anasomba sangara kutoka Kibara kuja Bunda. Gari likawa kichekesho. Linatoka vizuri, likifika kilomita ya kumi linaanza kulegea, linakohoa, linazima. Likipumzika nusu saa linawaka tena, utadhani halijafanya lolote. Samaki wakawa wanafika wananuka.

Jumatatu ya Pasaka, Keraryo alikuwa kwenye kituo cha mafuta na dumu lake, Wanzagi alipofungua tangi la gari. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kwa nguvu. Wanzagi akajisifu kwa muuza mafuta. Aliponunua gari, petroli ikiwa bado ya kibali, aliuwekea mfuniko mpira wa tyubu na kukiziba kitundu chake kwa risasi ya kuyeyusha, usipotee hata mvuke. "Hata harufu haitokagi," alisema.

Wala hewa haiingii, Keraryo alijisemea. Na tangi lisilopata hewa halitoi mafuta. Injini inakufa njaa huku tangi limejaa. Alifurahi hadi akasahau dumu lake kituoni.

Wanzagi akabadilisha plagi. Akaosha kabureta, akanunua pampu, akafumua injini yote. Kila alipopita anavutwa kwa kamba, Keraryo alisimama barabarani na kumwuliza kwa upole, "Pole mzee. Bado inasumbua?"

Oktoba Wanzagi alikuja mwenyewe, amekonda.

"Fundi Keraryo, wenzako wote wameshindwa. Huwaga inazima pale pale."

"Nitaitengeneza leo leo, mzee. Sitaki hela. Niletee sanduku yangu."

"Ile si nilikabidhiwaga..."

"Basi sukuma gari yako. Na ukileta, ulete kichwani."

Nyasura nzima ilitoka kumtazama balozi akipita na sanduku la bati kichwani, shingo imezama mabegani. Alilitua. Keraryo akalifungua, akachukua nyundo yake na msumari, akaulaza mfuniko wa tangi juu ya jiwe, akagonga mara moja.

"Nenda Kibara."

Wanzagi aliugeuza mfuniko huku na huku. "Tundu tu?"

"Tundu tu. Tangi lilikuwa linakosa hewa. Najua tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka! Umeniacha nioze samaki miezi sita?"

"Mimi uliniacha minane."

Wanzagi alipanda gari akaondoka bila kuaga.

Keraryo akachuchumaa mbele ya sanduku. Spana zote zilikuwamo, bado zimefungwa katika kipande cha kanga ambacho mama yake alimchania siku alipoanza ufundi. Alikinusa, kikanuka grisi tu. Mbali barabarani aliisikia injini ikivuta vizuri, imetulia, haikohoi, kazi ya mkono wake mwenyewe. Ilimuuma. Akahesabu kwa vidole, Pasaka hadi Oktoba, akarudia tena, na kila akihesabu aliona amemsamehe Wanzagi miezi miwili.