Koti la Harusi Ndani ya Ngolo

Nisiwafiche, mpaka leo ukumbi wa parokia naingilia mlango wa nyuma, na sababu ni picha iliyotundikwa kwenye mlango wa mbele.

Alikuja binti mchoraji kutoka Songea, ameitwa achore mkulima wa Kitura, kijiji chetu, akiwa kazini, picha ifunuliwe siku ya kuchagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Uenyekiti nilikuwa nautaka mimi (nilishaanza hata kukohoa kama mwenyekiti), na nilikuwa nimetangaza kwamba ngolo zote za mteremko wangu nimezichimba kwa mikono hii. Sasa kwetu Umatengoni mwanaume anafyeka majani, anayapanga miraba, basi. Mwanamke ndiye anayechimba udongo na kuyafukia, yakabaki yale mashimo ya kushika maji ya mvua, ndiyo ngolo zenyewe. Mimi nikavaa koti la harusi, nikachukua jembe la mke wangu, nikasimama shimoni nimekunja uso.

“Shikamoo babu. Utaweza kusimama mpaka nimalize?”

“Marahaba. Mimi huyu? Chora tu.”

Lo, binti anachora polepole kama anayechambua mchele, mgongo ukaanza kunidai, nikaketi kidogo juu ya majani (shule niliishia darasa la pili, ila kukaa sikufundishwa na mtu). Mke wangu akasema, “Mzee, lete jembe, mvua inakuja.” Nikampa. Usingizi ukanichukua.

Jumapili ya uchaguzi, ukumbini, kitambaa kikavutwa. Katikati yumo mke wangu, jasho shingoni, tope mpaka magotini, utadhani unasikia anavyohema. Na pembeni, juu ya majani, mimi, koti na vifungo vyake vyote, mdomo wazi. Binti alimchora hata nzi.

“Mwenyekiti anasimamia kazi,” akasema shemeji yangu, na watu wakacheka mpaka padri akageukia dirishani.

Nikamnong'oneza binti, “Si nilikwambia mimi ndiye ninayechimba?”

“Babu, mimi nachora ninachokiona. Ungechimba, ningekuchora unachimba.”

Kura ilikuwa ya kunyoosha mikono. Akachaguliwa mke wangu, na mkono wangu ulikuwemo, maana alikuwa ananitazama.

Mbele ya brashi sisimami tena. Siku hizi nachimba kweli, majirani wanapita wakinicheka, mwanaume na ngolo wapi na wapi, nami nawaacha. Ila nikitaka kukaa, kwanza nageuka kutazama kama yule binti hayupo.