Ufagio wa Mke wa Nuhu

Tavita wa Tziporin alizaliwa na hasira, akakua nayo, na alipoolewa akaja nayo kwa mumewe pamoja na vyungu. Mumewe, Haninai, alikuja na koo lenye sauti kubwa. Kazi yake ilikuwa hiyo: Rabi Zevida, mwalimu wa sinagogi, huketi na kumnong'oneza mafundisho, maana wakubwa hawapayuki, naye Haninai huyatangaza kwa sauti mbele ya umati.

Sabato moja Rabi alianza kwa kuonya kwamba anayesimulia kisa bila kumtaja aliyemsimulia ni mwizi. Tavita, katikati ya wanawake, akaitikia kwa kichwa. Kisha koo la mumewe likanguruma: gharika ilipokauka, Nuhu alikataa kutoka safinani kabla hajafagia mavi ya wanyama wote, na Mungu akakaa nje kumngoja, upinde wa mvua mkononi.

Tavita alihisi damu inampanda. Kisa kile kilikuwa cha mama yake, Marta, mfua nguo, aliyekufa bila kuacha hata shuka. Aliacha kisa hicho tu. Tavita mwenyewe ndiye aliyemsimulia mke wa Rabi wakichambua dengu. Na katika kisa cha Marta, aliyefagia ni mke wa Nuhu!

“Nuhu?” akafoka. “Mlevi yule? Alishika ufagio lini?”

“Mama Yose, kaa chini,” jirani akamvuta nguo.

“Sikai! Haninai! Kisa kwa jina la nani?”

Haninai akainama. Rabi akamnong'oneza: ni changu. Haninai akafumbua mdomo, akaufumba.

“Baba Yose,” Tavita akasema, sasa polepole, na hapo ndipo pa kuogopwa. “Mama alikulisha kwa kufua nepi za watu. Leo unamzika mara ya pili?”

Haninai akakohoa.

“Kwa jina la Marta, mama mkwe wangu, mfua nguo!”

Rabi akamvuta joho na kunong'ona kwa ukali. Haninai alikuwa mtu wa kazi yake.

“Rabi anasema: nyamaza, punda wewe!”

Umati ukaangua kicheko. Mnong'ono mwingine.

“Rabi anasema: hayo usiyatangaze!”

Watu walishika mbavu. Tavita hakucheka.

“Na ufagio? Mrudishie mwenyewe!”

Haninai akatega sikio kwa Rabi. Rabi akaziba mdomo kwa kiganja. Basi Haninai akavuta pumzi, akaanza kisa upya, na safari hii Nuhu alikuwa amelala.