Kamba Nne za Ghalib

"Nimepanda korija mia sita za mchu, na mtu atakayenionyesha korija moja iliyokufa, nitamwita baba!"

Ghalib bin Hamdan aliyasema hayo harusini, Hindawiyah, Jeddah, tena kwa kipaza sauti alichompokonya mshereheshaji. Shemeji yake Murad alikuwa amemchokoza mbele ya watu: eti miaka mitatu ya mradi wa wafadhili imewafaa ngamia peke yao, waliopata majani ya bure. Wazee wa Kizanzibari wakacheka, vijana wakarekodi, na biriani ilipofika mezani maneno yalikuwa yamekwisha enea kwenye simu za nusu ya mtaa.

Taabu ni kwamba Ghalib alijua amesema uongo. Tena alijua kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ameirithi. Babu yake alikuwa muuza boriti Unguja, na boriti za mikoko haziuzwi moja moja. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mzee yule kila korija ilipotoka alifunga fundo kwenye kamba. Familia ilipoondoka mwaka 1964, Ghalib akiwa na miaka mitatu, boriti zilibaki kule na ada ya kamba ikaja nao. Kwa hiyo alipostaafu bandarini, mradi ukamwajiri kusimamia wapandaji wa mchu, ule mkoko wa majani ya kijivu, kwenye ufuo wa kusini mwa Jeddah, wahandisi walihesabu miche kwa kompyuta na yeye akafunga mafundo. Vipande vinne vya ufuo, kamba nne, kila kamba mafundo mia na hamsini. Miche elfu kumi na mbili. Kompyuta na kamba zikakubaliana, na katika mradi ule sidhani kama kuna wengine wawili waliowahi kukubaliana.

Fedha zilipokwisha, magari meupe yaliondoka, na wataalamu wakaondoka na magari. Kilichobaki ni kibao chenye nembo tisa. Hicho ndicho kilichostawi kuliko vyote: hakitaki maji, na ngamia hali bati.

Ghalib hakuondoka. Kila Ijumaa alfajiri aliwasha pikapu yake kuukuu, akaenda kuangalia nani yu hai. Miche ishirini ikifa, alifunga kitambaa kwenye fundo moja: cheupe kwa iliyokauka, chekundu kwa iliyoliwa na ngamia, cheusi kwa iliyosongwa na mafuta na mifuko ya plastiki. Vitambaa alivichana kutoka khanga za mkewe, Mashavu.

"Tatu zishakwenda, bwana weye," Mashavu alimwambia. "Wenzio huwavisha wake zao. Weye wavisha maiti za miti."

"Nitakununulia nyingine."

"Ninunulie na sanduku la kuzifungia."

Mwaka wa tano tangu fedha zikatike, wafadhili walikumbuka kuuliza kilichodumu ni kipi. Kutoka Riyadh akatumwa Lina, msichana wa Kisaudi wa ofisi moja ya tathmini pale Al-Murabba, na droni yake begani. Aliyemwendesha ni Titus, Mkenya mwenye miaka tisa ya barabara za jangwani. Walifika ufuoni saa tatu asubuhi. Lina alipokuwa akivaa viatu vya matope, Titus akamvuta Ghalib kando ya gari.

"Mzee, nikuambie ukweli? Kuna kontrakta anangojea hii ripoti kama mshahara. Ikisema mradi ulikufa, huu ufuo wote unajazwa kifusi. Wanataka pakingi. Hata ile sehemu yako iko hai inazikwa tu."

"Yote?"

"Yote. Halas." Titus akaelekeza kidevu upande wa kusini, kwenye kijito chenye mchu mnene ulioota kabla mfadhili yeyote hajazaliwa. "Lakini si uko na msitu safi hapo mbele? Mpeleke huko, sema ni wako. Mti hauna ikama, hii kadi yetu ya ukaazi, nani atajua ulizaliwa wapi?"

Ghalib alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikamkatika, kwa sababu ushauri ulikuwa mzuri. Kile kipande cha nne, kimoja tu kilichokuwa hai, kilikuwa na kaa sasa. Kilikuwa na ndege wenye miguu mirefu ambao Ijumaa hawakumkimbia tena. Neno moja la uongo lingekiokoa, na uongo wenyewe alishausema kwa kipaza sauti. Kuurudia kwa sauti ya chini kungekuwa na uzito gani?

"Ammi Ghalib," Lina akaita, "tuanze wapi?"

Mkono wa Ghalib ulishaanza kunyooka kuelekea kusini. Lakini kwao, tangu enzi za babu, kuchanganya boriti ya mwenzio kwenye korija yako ni wizi, na mwizi wa namna hiyo hakai sokoni. Kumwibia Murad, sawa, Murad anastahili. Kumwibia Mungu miti yake aliyoipanda mwenyewe, tena jua linakutazama hivi? Mkono ukageuka kaskazini.

"Tuanze kwa waliokufa," akasema.

Kipande cha kwanza kilikuwa mchanga mkavu wenye vijiti, kama shamba la mishikaki. Lina akatazama, akaanza kuandika.

"Hapa hakuna kitu."

"Kipo. Pana korija mia na hamsini za maiti, na zilikufa lini, na kwa nini." Akatoa kamba zake garini, akazitandaza juu ya boneti. "Hii na hii, vipande viwili vya mwanzo. Nyeupe tupu. Zimekufa kwa kiu."

"Kiu? Baharini?"

"Walipanda Desemba, binti yangu. Fedha ilikuwa lazima zitumike kabla mwaka wa wafadhili haujafungwa. Desemba bahari yetu imepanda. Kiangazi inashuka, na hairudi mpaka baridi. Miche ikabaki juu, Julai, Jeddah. Ungekuwa wewe ungeishi?"

"Na uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniandika kwenye ripoti, 'maoni ya jamii,' ukurasa wa nyuma."

Titus akageuka kutazama bahari ili acheke vizuri.

Kamba ya tatu ilikuwa nyekundu kwa nyeusi: uzio uliibiwa, ngamia wakaingia, na mabaki yakamalizwa na taka. Ya nne ilikuwa na vitambaa vichache. Miche yake ilipandwa mwisho, fedha zikielekea kwisha na wahandisi wakifunga mizigo, hapana wa kuharakisha mtu. Ghalib alingoja kiangazi, akaona maji ya Agosti yanaishia wapi, akapanda hapo. Sasa majani yalimfika kifuani.

Lina akarusha droni. Ikazunguka, ikarudi na jibu: miti 2,249.

"Korija mia na kumi na mbili, na kumi na moja juu," Ghalib akasema, baada ya kupitisha kamba vidoleni. "Elfu mbili mia mbili hamsini na moja. Miwili imejificha chini ya mingine."

Lina akaingia majini mwenyewe. Alitoka nusu saa baadaye, tope mpaka magotini, akafuta namba ya droni, akaandika ya kamba.

Kabla hawajaondoka, Ghalib alimpigia shemeji yake simu na kuweka sauti ya juu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Murad akacheka mpaka simu ikakatika.

Wiki tatu baadaye Ghalib aliitwa Riyadh, ofisini Al-Murabba, aeleze kamba zake mbele ya watu sita wenye tai, wa wafadhili na wa serikali. Lina alikuwa ameandika kwamba zaidi ya robo tatu ya mradi haikudumu, na sababu akazipanga kwa rangi za khanga. Mwenyekiti akamwuliza Ghalib alisomea wapi tathmini.

"Kwa muuza boriti," akajibu.

Uamuzi ulisomwa adhuhuri. Vipande viwili vya mwanzo, kontrakta achukue. Cha nne kisiguswe. Cha tatu kipandwe upya, Agosti, mahali atakapopaonyesha Ghalib. Ghalib aliinamisha kichwa kwa vile viwili kama mtu aliyefikiwa na habari ya msiba, kisha akainua.

Mwenyekiti akataka kujua miche itatoka wapi. Ghalib akasema ipo tayari, juu ya paa la nyumba yake Hindawiyah, kwenye makopo ya maziwa, na Mashavu anaimwagia maji ya chumvi. Wakauliza bei.

"Mche mmoja wa mchu ni riyali mbili," akasema. "Lakini siuzi mmoja mmoja, nauza kwa korija."