Mchele Mpya wa Buterere

Kabla ya harusi ile, hakuna aliyethubutu kuniambia kitu kuhusu wali. Nilipikia karibu kila harusi ya Nyakabiga, na kiburi nilikuwa nacho cha kutosha.

Mama wa bwana harusi aliniletea mchele wa shamba lake mwenyewe huko Buterere, umevunwa juzi tu. Alitaka wageni wale jasho lake. Mimi nilizoea mchele mkavu wa madukani, kule mtaa wa Asiatique, unaokunywa maji utadhani ng'ombe. Nikatia maji yale yale ya siku zote, nikafunika, nikaendelea kukaanga ndizi na kupiga soga.

Nilipofunua, nilikuta rojo. Masufuria yote! Na nje wageni walikuwa wameshanawa mikono.

Mama yule akaingia, akachungulia. Nilingoja matusi. Akachukua sahani na kijiko, akajipakulia rojo lile mpaka juu, akatoka nalo. Kwetu mwenye harusi hula mwisho, wageni wakishashiba. Yeye aliketi mbele ya wakwe zake wapya, akala wa kwanza, polepole, bila kukunja uso. Wakwe wakatazamana, kisha wakaomba sahani zao.

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Sikujua kwamba binadamu anaweza kuibeba aibu ya mwenzake hivyo, mbele za watu, kwa kijiko.

Jioni aliniambia, "Mutoto wangu, mi nimekula. Sasa we wende Buterere, ujue huu muchele."

Habari zilikwishaenea, na simu za harusi zikakatika. Basi nikaenda. Msimu mzima nilipikia vibarua wake, nikiharibu na kurudia, wakinicheka hadi machozi. Nikajifunza kuuma punje kabla ya kupima maji. Ikikatika kwa mlio, ni kavu. Ikilegea menoni, bado ina maji ya shambani, basi unapunguza.

Alipomwoza binti yake wa mwisho, aliniita mimi. Ndugu zake walinung'unika waziwazi. Siku hiyo nilifunua sufuria, nikapakua sahani moja, nikampelekea aonje kabla ya mtu yeyote.

"Apana," alisema, wala hakuitazama sahani. "Pelekea wageni."