Umeme Usiokatika

Sinan Manoyo aliupenda umeme enzi zile ulipokuwa ukikatika. Si kwamba hakulalamika. Meli ya kuleta dizeli ikichelewa kwa mawimbi na mtambo wa kisiwa ukazimwa, yeye alikuwa wa kwanza kupanda kwenye dungu mbele ya nyumba yake na kuwasema wakubwa wa Taiwan kwa sauti ya kufika gatini. Lakini giza lile lilikuwa na nafuu yake. Simu zote za kisiwa chetu cha Lanyu zilizima, na simu ikizima, hakuna mwana wa kulaumiwa.

Mwana mwenyewe ni Manoyo, mtoto wake wa pekee, aliyevuka kwenda mji wa Kaohsiung kuchomelea vyuma hata ndevu hazijamwota, akaoa huko huko binti wa mjini. Baba yake, mume wa Sinan Manoyo, alipofariki bahari ilichafuka, hakuwahi kuja. Watu walipomuuliza Sinan Manoyo habari za kijana, jibu lake lilikuwa moja: alipiga juzi, bahati mbaya umeme ukakatika, hatukumaliza mazungumzo. Lilikuwa jibu zuri. Nani angelipinga, na simu yake mwenyewe imezima?

Kisha kijiji kikachoka na giza. Wakakubaliana kuweka paneli za sola juu ya mapaa, na betri zikawekwa katika kibanda cha mawe kilichochimbiwa nusu ardhini, kama nyumba za wazee wetu, ili tufani ipite juu ikose pa kushika. Kiwanja kilitoka kwa Sinan Manoyo, nyuma ya zizi la nguruwe wake, naye hakudai kitu. Hata mawe aliyabeba, kwa mgongo ule ule wa kubebea magimbi. Wengine walitaka friji za samaki, wengine taa za watoto kusomea. Yeye alitaka simu isizime, kwa sababu mkwewe alikuwa mjamzito.

Kwetu mwanamke akizaa huliacha jina lake, akaitwa Sinan, mama wa fulani. Mwanawe naye akipata mtoto wa kwanza, mama huyo anakuwa Syapen, bibi wa fulani, kwa jina la mjukuu. Rika lake lote walikwisha kuwa Syapen. Yeye peke yake alibaki Sinan, na kila alipoitwa mbele ya wenzake aliona aibu, kana kwamba amekuja karamuni bila kualikwa. Alilitaka jina hilo kuliko alivyotaka chakula, na jina lenyewe lingekuja kwa simu.

Tufani ya kwanza ilipopiga, baada ya mavuno ya mtama, vijiji vingine vilizama gizani. Chao kikawaka. Watu walitoka nje kuyatazama madirisha yao wenyewe, wakapigana mabega kwa furaha. Nyumbani kwa Sinan Manoyo simu ilikaa mkekani, chaji imejaa, siku hiyo na iliyofuata, wiki hiyo na iliyofuata. Haikulia.

Aliyemvua nguo alikuwa wifi yake, Syapen Masaray, dada wa marehemu mumewe. Huyo ni mwanamke wa mdomo, popoo ya kutafuna haimtoki kinywani tangu asubuhi, na nyumba zao zinatazamana, njia nyembamba tu katikati. Siku moja wakipalilia magimbi na wenzao, akamuuliza mjukuu kafikia wapi. Sinan Manoyo, kwa mazoea tu, akasema Manoyo alipiga, tatizo umeme.

"Umeme upi, wifi?" Syapen Masaray akatema mate mekundu pembeni. "Huu wetu haujakatika tangu uwekwe. Sema mwanao hapigi, usizisingizie betri za watu."

Wanawake wakacheka. Sinan Manoyo naye akacheka, kisha akainama kwenye maji ya shamba la magimbi, akapalilia hata pasipo na nyasi.

Tangu siku hiyo hakuwa na pa kujificha. Zamani umeme ukikatika alingoja urudi, na anayengoja ana matumaini. Sasa kila jioni alikula magimbi yake na kipande cha samaki panzi mkavu chini ya taa nyeupe, akaona wazi kabisa kwamba upande wa pili wa sinia hakuna mtu. Aliichukia taa ile. Aliichukia na kuiambia, maana hakuwa na mwingine wa kusema naye.

Mwishowe akameza kiburi, akapiga mwenyewe. Alipokea mkwe, kwa sauti ya adabu na haraka: Manoyo yuko kazini, mama, atakupigia jioni. Nyuma ya sauti hiyo mtoto mchanga alikuwa akilia. Hakikuwa kilio cha mtoto wa jana. Kilikuwa na nguvu, cha mtoto aliyekwisha kunenepa. Sinan Manoyo alifungua kinywa aulize, simu ikakatwa.

Jioni akaoga, akavaa shanga alizorithi kwa mama yake, akaketi na simu mbele yake. Jua likazama, taa zikawaka nyumba kwa nyumba. Majirani wakala, wakaosha vyombo. Simu ilikuwa imejaa chaji, na mtandao ulikuwapo. Alingoja mpaka akaona haya kuendelea kungoja. Akainuka akaizima, kisha akaenda ukutani akashusha swichi kubwa, nyumba nzima ikawa giza. Ndipo alipoweza kulia.

Syapen Masaray aliiona nyumba ilivyozimika, akavuka njia, akasimama mlangoni. Hakuwa na popoo kinywani.

"Wifi, mbona giza?"

"Umeme umekatika."

Nyuma ya Syapen Masaray nyumba yake ilikuwa inawaka taa zote, dirisha hadi dirisha, na mwanga wake ulifika mpaka mkekani, ukamulika simu iliyozimwa na shanga shingoni mwa Sinan Manoyo. Akakaa kungoja kuchekwa. Wifi yake aliitazama ile simu, akaingia, akaketi chini kwa taabu ya magoti.

"Ndiyo, umekatika," akasema. "Ndiyo maana Manoyo hakukupata. Binti yangu kanipigia kutoka Kaohsiung, anasema mwanao kakutafuta sana, simu yako haipatikani. Umepata mjukuu, wifi. Wa kike."

Sinan Manoyo akamshika mkono. "Anaitwa nani?"

Mwanamke yule wa mdomo akakohoa, akajipapasa kiunoni kutafuta mfuko wa popoo ambao hakuja nao. Sinan Manoyo akaelewa: mtoto ana jina la mjini, la kwenye makaratasi, na jina la kwetu, la bibi yake kuitwa kwalo, hakupewa. Hakuna aliyelifikiria.

"Binti alipotaka kulitaja tu," Syapen Masaray akasema polepole, "na kwangu ukakatika."

Sinan Manoyo akaitazama nyumba iliyokuwa ikiwaka ng'ambo ya njia.

"Basi tungoje urudi," akasema, akamsogezea wifi yake mkeka.