Bibi Tuliyemfanya Mchawi

Nilitoka chuoni na shahada ya sanaa za maonyesho, nikiamini kwamba filamu inaweza kuiponya jamii. Makambako nzima, mtu pekee aliyenipa kazi alikuwa mtayarishaji aliyeanza kwa kupiga picha za harusi, kisha akagundua kwamba watu hawachoki kutazama uchawi. Kila filamu aliimaliza kwa siku nne. Damu yetu ilikuwa juisi ya unga iliyokorogwa ikawa nzito.

Filamu ya tatu niliyomwandikia ilihitaji mchawi. Asubuhi moja ya ukungu, katika kijiji kilicho nje ya Njombe, tuliketi kwa bibi mjane aliyeishi kwa kuuza ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa kwetu waliozeeka jikoni kwa sababu ya baridi, wakivuta moshi wa kuni. Mtayarishaji alimtazama, akanikonyeza.

"Huyu hahitaji hata rangi."

Nilijua ubaya wa neno hilo. Chuoni niliandika tasnifu nzima juu ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi kwa ajili ya macho yao. Hata hivyo nilimwomba bibi aigize, nikijifariji kwamba katika onyesho la mwisho kijiji kingemwomba bibi radhi.

Bibi aliigiza vizuri kuliko wote. "Mjukuu, niroge kwa mkono upi?" aliuliza, na majirani waliojaa uani wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha, kama nilivyoandika, akamimina sumu katika ndoo yake ya ulanzi.

Siku ya nne mvua ilinyesha kutwa. Onyesho la mwisho halikupigwa.

"Watu wanataka mchawi," mtayarishaji alisema akifunga kamera. "Msamaha hauuziki."

Basi filamu ikaishia kwenye ile ndoo. Ilianzia vibanda vya video vya Makambako, ikahamia kwenye simu, ikafika kijijini kabla yangu. Masika yaliyofuata nilimkuta bibi peke yake uani, ndoo zimejaa, ulanzi umechacha. Majirani wale wale waliocheka hawakuwa wakikanyaga pale tena.

"Kamwene, bibi," nilimsalimu.

"Kamwene. Wenzangu wanasema picha imekwisha, nami bado ni mchawi. Mlete mwenye kamera, mjukuu, mnisafishe."

Nilimsihi mtayarishaji anipe nusu siku tu. Alinitazama kwa uchovu, bila chuki yoyote.

"Mwalimu," alisema, jina alilonipa kwa kunikejeli, "nani atamtazama bibi asiye na hatia? Nikirudi kule nitakwenda kupiga Sehemu ya Pili, na humo atakuwa amekwishapata wanafunzi."

Nilirudi mwenyewe. Jumapili, watu wakitoka kanisani, niliketi mlangoni kwa bibi nikanywa kopo zima la ulanzi mbele ya macho yao. Niliamini kwamba wakiniona mzima wangeona aibu. Mama mmoja alimvuta mwenzake kando.

"Si ndiye aliyemwandikia ile picha? Huyo ana kinga yake!"

Wakavuka upande wa pili wa njia.

Bibi alilipokea kopo, akalisuuza, akalifudikiza karibu na mengine ambayo yalikuwa makavu. Kisha akatazama nyuma yangu, njiani.

"Na kamera, mjukuu? Umeiacha wapi?"